Pikapu haivuti? Kabla ya kununua pampu, angalia dumu

Pikapu inayobeba mukeke kutoka Rumonge haina muda wa kupoteza. Samaki ametoka ziwani usiku, amewekwa barafu alfajiri, na Bujumbura iko zaidi ya kilomita 70 kaskazini kwa Barabara ya Taifa Namba 3 inayofuata ufukwe wa Tanganyika. Dereva anapokanyaga mafuta na gari likanyamaza sekunde mbili ndipo lianze kujikokota, hasara imeshaanza kuhesabika. Barafu inayeyuka, wachuuzi wananunua kwa mwingine aliyewahi, na mzigo uliochelewa hauuzwi tena kwa bei ya samaki mbichi.

Wenye pikapu za kisasa, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac na ng'ambo ya mpaka hadi Kigoma, wanauita ugonjwa huo kwa majina mengi. Kuna wanaosema gari halivuti. Wengine husema gari linachelewa kuitika mguu, au limekuwa zito. Majina hayo hayana maana moja, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi akiambiwa "halivuti" tu, bila maelezo mengine, hukimbilia pampu, nozeli au turbo, yaani vitu vya bei kubwa kuliko vyote chini ya boneti. Mwenye gari analipa, gari linarudi barabarani, na kwenye kilima cha kwanza uzito ni ule ule.

Mguu hauvuti waya tena

Katika Hilux za zamani, pedali ya mafuta ilikuwa imefungwa waya wa chuma uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye pampu. Dereva akikanyaga, pampu inafunguka. Waya ukilegea, fundi anaukaza kwa spana, kazi imekwisha.

Pikapu za leo hazina waya huo. Iwe Hilux ya kizazi kilichotoka miaka ya 2000 ikiwa na injini ya D-4D au ile iliyoingia mwaka 2015, iwe Ford Ranger, Isuzu D-Max au Mitsubishi L200 za kipindi hicho, kwenye pedali kuna sensa inayotuma umeme kwa kompyuta ya gari. Sensa hiyo hutuma ishara mbili kwa wakati mmoja, na kompyuta huzilinganisha. Zikitofautiana kupita kiasi, kompyuta haiamini hata moja: inapunguza nguvu, inawasha taa ya injini na kumwacha dereva arudi nyumbani polepole.

Hata ishara hizo zikiwa sawa, kompyuta haitoi dizeli papo hapo. Kwanza inauliza hewa inayoingia ni kiasi gani, turbo inasukuma kwa nguvu gani, presha ya dizeli kwenye bomba la nozeli imefika wapi, injini ina joto gani, gari liko gia ya ngapi. Kukanyaga mafuta siku hizi ni kutuma ombi, na ombi linaweza kukataliwa kwa sababu ambayo haihusiani kabisa na pedali.

Linaweza pia kucheleweshwa kwa makusudi. Watengenezaji hupanga pedali iitike taratibu mwanzoni ili gari lisiruke, giaboksi isiumie na moshi upungue. Hilux nyingi za tangu 2015 zina vitufe viwili, ECO na PWR, na ECO ikiwashwa mguu huonekana kama umefungwa jiwe. Ni jambo dogo hata linachekesha, lakini kuangalia kitufe hicho ni bure, na vipimo vyote vya bure vinapaswa kutangulia.

Hapo ndipo vinapoingia vile viboksi vya kuchomeka kati ya pedali na waya zake, vinavyouzwa kama dawa ya gari zito. Viboksi hivyo havizalishi nguvu yoyote. Vinachofanya ni kuidanganya kompyuta kwamba mguu umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Kwa gari zima lenye pedali ya pole, dereva anaweza kufurahia. Kwa gari ambalo filta yake imeziba, ni sawa na kumpigia kelele mtu mwenye njaa.

Swali la kwanza ni lini

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza hali hiyo inatokea lini. Je, gari linachelewa kidogo tu wakati wa kuondoka, kisha linavuta vizuri? Hilo mara nyingi ni umbile la pedali na turbo inayosubiri kasi. Je, ni zima likiwa tupu lakini linakata pumzi likiwa na mzigo kwenye mlima? Basi kuna upungufu wa dizeli au hewa. Je, nguvu zilipotea ghafla, taa ikawaka, na gari likakataa kuvuka mizunguko fulani ya injini? Kompyuta imejilinda, na itasema sababu ikiulizwa.

Rumonge ina uwanja mzuri wa kupimia mambo hayo. Kandoni mwa ziwa, lililo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, barabara ina sehemu ndefu za tambarare. Anayegeuza mashariki kuelekea Bururi anaingia katika milima inayovuka mita 2,000. Kadiri gari linavyopanda, hewa inapungua, takriban asilimia moja kwa kila mita mia, na turbo inalazimika kufidia. Kasoro iliyojificha njia ya Bujumbura hujionyesha njia ya Bururi. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaotoka Nyanza-Lac kupanda Mabanda hadi mpakani Mugina.

Kabla ya kufungua boneti kuna hesabu nyingine isiyopendwa. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu 55 ni tani moja, na tani moja ndiyo takriban kikomo cha pikapu ya aina hii pamoja na watu waliomo. Pikapu yenye madumu 100 inayokataa kupanda Bururi haina ugonjwa wowote.

Kuna pia magari yanayolaumiwa injini wakati kosa liko kwingine. Breki zinazoshika wakati wa kutembea zinazuia gari kama kamba, na rimu yenye joto kali kuliko nyingine baada ya safari fupi inatosha kuzifichua. Klachi iliyochakaa huongeza mlio bila kuongeza mwendo. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani, yanayopendwa kwa sura yake, nayo hupunguza nguvu ya kuondoka.

Dumu la jana

Baada ya hapo, kwenye mwambao huu, kidole cha kwanza kinyooshewe mafuta.

Burundi imepitia miaka kadhaa ya uhaba mkubwa wa mafuta. Foleni kwenye vituo zimekuwa ndefu, na waliotaka kuendelea na biashara wamejikuta wakinunua dizeli ya madumu iliyovuka mpaka kutoka Kigoma au Uvira. Mbali na kwamba ni magendo na ni hatari ya moto, dizeli hiyo ina safari ambayo mnunuzi haijui. Imehamishwa kutoka chombo hadi chombo, pengine imelala ndani ya mtumbwi, pengine imenyeshewa. Dumu lenyewe lina historia yake. Katika mji wa mawese na samaki, dumu la manjano lililopo gulioni leo huenda jana lilikuwa na mawese au maji ya ziwani.

Injini ya zamani ingekohoa na kuendelea. Injini ya kisasa haiwezi. Tairi la pikapu lina presha ya baa mbili na nusu au tatu. Dizeli katika bomba la nozeli za D-4D huwa kwenye baa 300 hivi gari likiwa limesimama linaunguruma, na hupanda kuvuka 1,600 likiwa na kazi. Injini mpya zaidi huvuka 2,000. Vipuri vinavyobeba presha hiyo vimesagwa kwa usahihi ambao unywele ni mnene mno kupita kati yake. Tone la maji huleta kutu humo. Mabaki ya mawese, ambayo huganda yakipoa, huziba filta. Na filta ikiziba, pampu hainywi vya kutosha, presha haipandi kwa kasi inayotakiwa, na dereva anahisi mguu haujibiwi.

Mafuta ya taa yana ubaya wa aina nyingine. Hayazibi kitu, na gari linaweza hata kuonekana jepesi siku ya kwanza. Lakini dizeli ndiyo inayolainisha pampu kutoka ndani, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Pampu hujila yenyewe taratibu na kupeleka vumbi la chuma hadi kwenye nozeli.

Tanzania inaujua mchezo huo kwa muda mrefu. Neno "kuchakachua" lilienea nchini humo kwa kuchanganya mafuta kabla halijahamia kwenye kura na mitihani. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya soko la ndani ili yatofautishwe na yale yanayokwenda nchi jirani na yaliyosamehewa kodi. Mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili bei yake isiwe mbali na ya dizeli, na faida ya kuchanganya ipungue. Ulinzi huo, hata hivyo, unaishia kituoni. Lita ikishaingia kwenye dumu, hakuna kinasaba kinachomlinda mnunuzi wa Rumonge.

Lugha nayo ina mtego wake. Burundi na Kongo dizeli huitwa mazutu, na kile Mtanzania anachokiita petroli huitwa esansi. Neno "petroli" lenyewe, kwa waliolipokea kutoka Kifaransa, ni mafuta ya taa. Mfanyabiashara wa Kigoma anayeomba petroli upande wa pili anaweza kupewa alichoomba kwa haki kabisa, na kikawa sicho alichotaka. Kwa mwenye injini ya dizeli, neno la kushika ni mazutu.

Kipimo cha kwanza cha mafuta hakihitaji fundi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, ijaze dizeli, iache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi maji yatakuwa yamekaa chini na mstari wake utaonekana. Uchafu nao utakuwa umetua. Dizeli nzuri inaangaza. Iliyo na ukungu ina maji au nta. Wanaonunua kwa wingi wanaweza kutumia kipima uzito wa kimiminika: dizeli huwa kati ya 0.82 na 0.86, mafuta ya taa kati ya 0.78 na 0.82. Kipimo hiki hakinasi mchanganyiko mdogo, lakini kinamnasa mwizi mwenye tamaa.

Kipimo cha pili kiko kwenye gari. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Kilegezwe, dizeli ipokelewe kwenye chombo cha wazi, na pampu ya mkono iliyo juu ya filta ibonyezwe mpaka itoke dizeli tupu. Ikitoka vikombe viwili vya maji yenye rangi ya kutu, nusu ya jibu imepatikana. Kisha filta ibadilishwe kwa iliyo halisi, si iliyooshwa na kurudishwa. Kuosha filta ya karatasi kwa petroli na kuipuliza kwa upepo ni desturi ambayo, kwa injini hizi, imegharimu nozeli nyingi kuliko ilivyookoa faranga.

Mji unaokamua mawese utamfanya mtu ajiulize kama hayawezi kutumika badala ya dizeli. Swali hilo si geni. Mwaka 1937 Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Kongo na Ruanda-Urundi, ilitoa hataza ya kutengeneza mafuta ya gari kutokana na mawese, na mwaka 1938 basi lilifanya safari kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Lakini yale yalikuwa mawese yaliyobadilishwa kikemia kwa kutumia alkoholi, na injini zilikuwa za enzi hizo. Mawese mabichi ndani ya pikapu ya leo ni njia fupi ya kwenda kununua pampu.

Hewa nayo ni chakula

Mafuta yakiwa safi na uzito umebaki, zamu ni ya hewa. Vumbi la barabara na la matengenezo ya barabara hujaza filta ya hewa kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Mradi wa Rumonge–Gitaza wa kilomita 45, ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018 pamoja na ule wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wa kilomita 260, ni habari njema kwa biashara, lakini barabara yoyote inayojengwa hulisha filta udongo.

Mipira mikubwa inayotoka kwenye turbo kwenda intakula na kurudi kwenye injini hupasuka au hulegea kwenye vikazio. Dalili ni mlio wa upepo wakati wa kukanyaga, moshi mweusi nyuma, na mafuta ya oili yaliyoloanisha kiungio. Mpira huo si ghali. Turbo ni ghali, na zipo zilizobadilishwa bure kwa sababu ya kikazio kilicholegea. Ndani zaidi, masizi ya mfumo unaorudisha moshi kwenye injini hujaa kwenye njia ya hewa na kuifanya nyembamba, hayo yanasafishwa. Sensa ya kupima hewa ikiwa na vumbi husema uongo, na kompyuta ikiuamini hutoa dizeli kidogo.

Ziwa nalo limechangia. Katika miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda na kufurika maeneo ya ufukweni, Gatumba ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Gari lililopita kwenye maji yaliyofika sakafuni huweza kukauka na kuonekana zima, kisha wiki kadhaa baadaye kutu ya kijani kwenye viungio vya waya ikaanza kuvuruga ishara. Gari la namna hiyo likianza kuchelewa kuitika kwa vipindi, leo ndiyo kesho hapana, viungio hivyo vikaguliwe kabla ya kuilaumu sensa.

Namba si jina la spea

Kompyuta ya gari huandika malalamiko yake kwa namba, na namba nyingi ni zile zile Rumonge, Kigoma, Uvira au Dubai. Kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu, kinatosha kuzisoma. P2138 inasema ishara mbili za pedali hazipatani. P0299 inasema turbo haikufikisha msukumo uliotakiwa. P0087 inasema presha ya dizeli ni ndogo mno.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja kifaa kilichoharibika. P0087 inaweza kuletwa na pampu, lakini pia na vali inayoipimia pampu dizeli, nozeli inayovujisha, filta iliyoziba, au bomba la tangi linalonyonya hewa. Fundi anayesoma namba hiyo na papo hapo kutaja bei ya pampu amesoma nusu ya ukurasa. Anayeifuta namba na kurudisha ufunguo hajasoma kitu.

Kazi ya kweli hufanyika gari likitembea. Fundi akae pembeni ya dereva, kwenye kilima, pikapu ikiwa na mzigo, na atazame takwimu mbili kwa pamoja: presha ambayo kompyuta inaitaka na presha iliyopo. Zikipanda bega kwa bega, dizeli haina kesi, atafute hewa. Iliyopo ikibaki nyuma, afuate dizeli kuanzia tangini kwenda mbele, si kuanzia pampu kurudi nyuma. Vivyo hivyo kwa pedali: ikikanyagwa polepole hadi mwisho, namba zipande bila kuruka.

Na kabla nozeli hazijahukumiwa, kuna kipimo ambacho mwenye gari anaweza kukiona kwa macho yake. Mipira midogo ya kurudisha dizeli huchomolewa, kila nozeli hupewa chupa yake, na injini huachwa iunguruma dakika chache. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo yenye hatia. Ikiwa zote nne zimelingana na zina kidogo, hakuna sababu ya kununua seti nzima.

Vifaa vya kupimia kwa undani na spea za uhakika hupatikana zaidi Bujumbura, ambako Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ni maarufu kwa gereji zake, au Kigoma kwa walio karibu na mpaka. Anayevuka Mugina–Manyovu kufuata spea aijue sheria moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaowasaidia wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Dagaa na mawese yanaweza kupita humo. Nozeli iliyotengenezwa Japani haipiti, hata kama imenunuliwa dukani Kigoma. Inalipiwa ushuru, na risiti ya duka ndiyo itakayoamua ilipiwe kwa thamani gani. Namba ya chesisi nayo iandikwe kabla ya kuondoka Rumonge, kwa kuwa Hilux mbili za rangi moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na nozeli zisizoingiliana, na kurudi Manyovu kubadilisha ni siku nyingine bila mzigo.